Baba Hataki Kusikia Habari za Chumvi

BARAZANI KWA MAMA NESI

Barua tatu safari hii, zote za moyo. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu za namna hiyo zimenijia nyingi tangu Ramadhani. Walioniuliza habari za sukari na vidonda vya tumbo wanivumilie mpaka toleo lijalo.

SWALI

Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni binti wa miaka 34, naishi Makorora, hapa Tanga, na wazazi wangu pamoja na wanangu wawili. Baba ana miaka 63, alikuwa fundi mitambo bandarini hadi alipostaafu. Mwezi wa tatu alilazwa siku tisa. Miguu ilikuwa imevimba, na usiku alikuwa hawezi kulala chali, anakaa kitako kitandani akihema kama aliyepanda ngazi. Wakatuambia moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Akatoka na dawa aina nne na maagizo: chumvi apunguze, sigara aache, atembee kidogo kidogo, ajipime uzito kila asubuhi.

Dawa anameza, ila kile kidonge cha kukojoa anakiruka siku akiwa na safari ya mjini. Sigara kapunguza, hajaacha. Vita ni chumvi. Mama akipika bila chumvi, baba anatoa kikopo chake mfukoni, mbele yetu sote, ananyunyiza. Kaka yangu aliyeko Dar kila siku anamtumia klipu za watu walioanguka ghafla. Mimi juzi uvumilivu uliniishia, nikamwambia, "Baba, kwani unataka kutuachia mzigo wa kukuuguza?" Akanyamaza, akavaa kofia yake, akaenda kijiweni na hakurudi mpaka saa nne usiku. Tangu siku hiyo ananiitikia salamu tu. Ukimbana sana anasema kila mtu na siku yake. Nifanyeje aelewe?

Binti wa Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na nimekwama kwenye maneno yako ya mwisho. "Nifanyeje aelewe?" Baba yako anaelewa. Mtu asiyeelewa anaomba chumvi mezani. Anayetembea na kikopo mfukoni anajua vizuri kwamba chumvi imekatazwa, anamjua aliyeikataza, na ameshajipanga. Miaka yote hiyo alikuwa akiamrisha mitambo ya bandari, leo haamrishi hata sahani yake ya mchuzi. Ningekuwa wewe, ningekitazama kile kikopo kwa jicho hilo kabla ya kuhesabu chumvi iliyomo.

Sikulaumu. Kosa lako nimelifanya mimi nikiwa na sare nyeupe, tena nikilipwa mshahara kwa kulifanya.

Nitakusimulia kisa, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili mwenyewe asijulikane. Palikuwa na mzee mchuuzi wa samaki. Alfajiri yuko soko la samaki la Deep Sea anagombea mnada, saa mbili yuko Ngamiani na baiskeli yake, tenga limefungwa nyuma kwa mpira. Ugonjwa wake ulikuwa kama wa baba yako. Kila mwezi akija kliniki namkuta na presha juu, na ukimbonyeza mguu kwa kidole shimo linabaki. Nami namwagia yote: chumvi, ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), sigara, figo, kiharusi. Siku moja, foleni nzima inasikia, nikamwambia, "Mzee wangu, wewe unajichimbia kaburi kwa kijiko." Watu wakacheka, naye akacheka. Akachukua kadi yake, akasema, "Ahsante mwanangu," akaenda zake. Sikumwona tena kwa miezi mitano.

Katika miezi ile mitano nilipelekwa mafunzo. Nilikwenda kwa ajili ya posho, sifichi. Siku ya kwanza mwalimu akatupanga wawili wawili: mmoja aseme tabia anayotaka kuiacha, mwenziwe amshawishi aiache, dakika tano. Mimi nikasema soda. Nesi mwenzangu kutoka Korogwe akanivaa kwa nguvu zote: sukari, meno, kitambi, umri wangu, mama yangu aliyekufa na kisukari. Hazikupita dakika mbili nikawa naitetea soda kama mtoto wa kumzaa. Nikamwambia ninakunywa moja tu. Nikamwambia kazi yetu ni ngumu, mtu lazima apate kitu cha kumburudisha. Hata meno nikamjibu! Na mimi ndiye niliyesema nataka kuiacha. Nilirudi kwenye kiti changu nikamkumbuka mzee wa samaki na kile kicheko chake.

Walichotufundisha kinaitwa mahojiano ya kuhamasisha. Neno mahojiano mimi silipendi, linanukia kituo cha polisi, kwa hiyo nayaita mazungumzo ya kuamsha nia. Chanzo chake hakikuwa kwenye moyo, kilikuwa kwenye ulevi. Mwaka 1982 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, alikuwa Norway, katika mji wa Bergen, akikutana na wanasaikolojia vijana. Vijana wale wakamwomba awaonyeshe anavyoongea na mlevi, wakawa wao wenyewe wanaigiza walevi, na kila baada ya maneno machache wanamkatiza: kwa nini umeuliza hilo na hukuuliza lile? Kwa nini hapo umenyamaza? Katika kuwajibu ndipo alipojijua anafanya nini. Mwaka 1983 akayaandika. Baadaye akaungana na Stephen Rollnick, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Wales, na mwaka 1991 wakatoa kitabu chao cha kwanza. Toka hapo yakasambaa kwenye kliniki za sukari, presha na moyo. Mwaka 1993 Miller na wenzake walichapisha utafiti ambao ningependa kaka yako wa Dar ausikie: kadiri mshauri alivyozidi kumbana mnywaji, ndivyo mnywaji alivyozidi kunywa mwaka mmoja baadaye.

Sababu yake utaijua ukiwahi kupanda mtumbwi mwembamba. Mwenzio akiegemea kulia, wewe bila kufikiri unaegemea kushoto. Baba yako ana mambo mawili kifuani kwa wakati mmoja. Anataka kupona, na anataka mchuzi wake uwe na ladha, atembee bila kuchungwa. Nyote nyumbani mmekaa upande wa kupona. Mama yuko huko, kaka yuko huko, wewe uko huko. Upande uliobaki wazi ni wa chumvi, na mzee anaukalia. Kila mkimwambia, anajibu, na kila akijibu anajisikia akisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba chumvi haina neno. Mtu husadiki alichojisikia akikisema.

Turudi kwa mzee wa samaki. Alirudi akiwa kwenye bajaji, mwanawe kamshika mkono, mguu umevimba mpaka kandambili haiingii. Mdomo uliniwasha, wallahi. Nikaukaza. Nikampa kiti, nikafunga faili, nikamuuliza, "Mzee wangu, tangu tuachane, nini kimekuwa kigumu kuliko vyote?" Kisha nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho. Feni ilikuwa inagonga juu, mwanawe akataka kujibu, nikamwekea kiganja.

"Kusujudu," akasema.

Akaeleza taratibu. Akiinama pumzi inakata, kichwa kinajaa, anaona giza. Imamu kamwekea kiti cha plastiki, nyuma kabisa, pamoja na vikongwe. "Mimi nilikuwa safu ya kwanza," akasema, akatazama ukutani kwenye ile picha yangu ya moyo, sijui kama aliiona. Miezi na miezi nimemhubiria figo na kiharusi, na kiti cha plastiki kipo msikitini, mimi sina habari.

Nikamwomba ruhusa. "Naomba nikueleze kinachotokea mwilini ukiinama, halafu wewe uniambie unaonaje." Akasema sema. Nikamweleza kwa maneno machache: chumvi inashika maji mwilini, moyo uliochoka hauwezi kuyasukuma yote, yanabaki miguuni na kwenye mapafu, na mtu akiinama shinikizo kifuani linaongezeka, pumzi inakata. Basi. Figo sikuitaja. Nikauliza, "Hapo wewe unaonaje?"

Akakaa kimya, akasema, "Kumbe ng'onda ndiyo inanikalisha kwenye kile kiti."

Sentensi ile mimi nisingeitunga hata ungenipa mwaka mzima. Yeye mwenyewe akapanga: ng'onda iwe Ijumaa tu, ilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili, mchuzi uwekewe ndimu na pilipili za kutosha. Hakugeuka malaika. Sigara aliendelea nayo mwaka mwingine karibu mzima, na mara moja alilazwa tena. Lakini kliniki hakukosa, na mwezi wa Shaabani alikuja kuniambia amesujudu, safu ya tatu, karibu na mlango penye upepo.

Sasa wewe. Cha kwanza ni lile neno mzigo. Huwezi kuanza mazungumzo yoyote na baba yako likiwa limekaa hapo katikati. Mwendee wakati mzuri, si wa kula, labda baada ya alasiri akiwa na chai yake, umwambie: "Baba, neno nililokwambia siku ile lilikuwa baya. Nisamehe." Usiongeze "nilisema kwa sababu nakupenda." Usiongeze "lakini." Hilo "lakini" letu ni kisu. Mtu anakupa pole yote halafu anasema lakini, na pole yote inamwagika. Katika mambo haya jizoeze "na": unachoka kuchungwa, na unataka kulala usiku. Yote mawili ni kweli, na unamwonyesha kwamba umeyasikia yote mawili. La kupona liweke mwisho, maana analolisikia mwisho ndilo litakalobaki masikioni.

Pili, uliza maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo au hapana. "Baba, umekula chumvi?" ni swali la karani wa forodha. "Baba, tangu utoke hospitali siku zako zikoje?" ni swali la mtoto. Atajibu kwa ufupi, "Namshukuru Mungu." Sawa, hapo usikimbilie swali jingine. Mrudishie alichosema, kwa maneno yako. Na hapa Kiswahili kina ujanja wake ambao mwalimu wetu alituonyesha nami nikaupenda sana. "Umechoka kuambiwa" na "Umechoka kuambiwa?" ni maneno yale yale, tofauti ni sauti tu. Ukipandisha sauti mwishoni umemhoji, atajitetea. Ukiishusha umemwambia nimekusikia, ataendelea. Jaribu ukiwa peke yako jikoni. Mimi nilijizoeza njiani nikitoka Chumbageni, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Halafu utege sikio. Katikati ya malalamiko yake litapita neno dogo la kwenda mbele: "ningetaka," "zamani nilikuwa naweza," "hii pumzi inanitisha," "labda." Yeye mwenyewe hataliona. Ukilisikia usirukeruke, usiseme "si unaona!" Liokote tu. "Pumzi inakutisha." Kisha ngoja. Malalamiko yake yaache yapite, usiyajibu moja moja.

Kuna swali la namba ambalo wazee wa bandari wanalipenda kwa sababu limekaa kama kipimo. "Baba, toka sifuri hadi kumi, kupunguza chumvi kuna umuhimu gani kwako?" Akisema nne, najua ulimi wako utataka kuuliza kwa nini si kumi. Ukiuliza hivyo umemwomba akutajie sababu zote za kula chumvi. Uliza kwa nini nne na si moja. Hapo, kueleza ile nne, itabidi akutajie sababu zake za kupunguza, moja baada ya nyingine, bila wewe kumfundisha hata moja. Akisema sifuri, mshukuru kwa kusema kweli, uongee mambo mengine.

La "kila mtu na siku yake" usilijibu kwa aya wala hadithi. Ukianza mjadala wa dini na mzee wa Tanga aliyekaa kijiweni miaka arobaini, atakushinda, na chumvi ataendelea kula akiwa ameshinda. Mara nyingi neno hilo halina dini ndani yake. Linasema niacheni, au linasema naogopa. Mwambie kwa sauti ya kushuka, "Siku ya mtu anaijua Mungu, nawe hutaki kuishi ukitishwa kila siku." Uone atasema nini. Na kaka aache klipu. Akitaka kutuma kitu atume sauti yake amsalimie.

Kidonge cha kukojoa mimi kwanza sikioni kuwa ukaidi, naona habari ya choo. Anakiruka siku ya safari ya mjini, si ndivyo ulivyoandika? Kidonge kile kinamshika mtu kwa saa kadhaa, na mwanamume mzima hataki kuhangaika barabarani akitafuta choo, au kutoka mbio kwenye daladala. Muulize tu siku ya mjini inakuwaje. Akikwambia ni hilo, linazungumzika: akiwaeleza kliniki, kuna wagonjwa wanaoruhusiwa kusogeza saa ya kumeza siku ya safari badala ya kuruka. Aulize mwenyewe, msimbadilishie saa nyumbani.

Akishakubali kukusikiliza, ndipo habari zina kazi, na ziwe chache. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha iliyomo kwenye mkate, kwenye ng'onda, kwenye achari na kwenye kile kikopo. Kwa sigara, mtu akiacha, ndani ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inashuka kwa karibu nusu. Uzito ajipime asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, na mzani ule ule. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si mahamri, awahi kliniki. Haya yote mtangulizie "naomba nikwambie kitu, ruhusa?" na umalizie "wewe unaonaje?" Mtoto wa Kiswahili kumwomba mzazi ruhusa kabla ya kumshauri hakuhitaji mafunzo ya siku tatu, ni adabu tuliyokuzwa nayo, tunaisahau tukiogopa.

Na kuna siku ambayo haya yote unayaweka kando. Akibanwa na kifua, akihema hata amekaa, akianguka au akichanganyikiwa, hakuna cha "unaonaje baba." Ni gari na hospitali.

Nisikudanganye, si dawa ya mwujiza. Tafiti za mazungumzo haya kwa wagonjwa zimeonyesha faida ya wastani, mahali pengine ndogo, na kuna tabia zinazogoma. Baba anaweza akabaki na kikopo chake. Ila kama unaniuliza wapi pa kuanzia, siku moja pikeni mchuzi bila chumvi, muweke kidishi cha chumvi mezani mbele yake, wazi, na asiwepo wa kumtazama mkono. Kisha niandikie alinyunyiza kiasi gani.

SWALI

Mama Nesi, mimi ni tabibu wa zahanati moja wilayani Muheza. Siku ya kliniki ya presha naona watu hadi hamsini, peke yangu na nesi mmoja. Hayo mazungumzo ya kuamsha nia nimeyasoma, mazuri, lakini yanataka muda. Mgonjwa nikimwachia aseme yote, wa hamsini nitamwona kesho. Unatushauri nini sisi wa huku?

Tabibu

JIBU

Mwanangu, nakujua, hata kama sijakuona. Benchi limejaa, juu ya bati jua, na bibi wa kwanza katembea toka saa kumi na moja alfajiri.

Nikuulize: hotuba yako ya chumvi, sigara na mazoezi inachukua dakika ngapi? Yangu ilikuwa dakika nne, niliwahi kujipima kwa saa ya ukutani. Hamsini mara nne ni dakika mia mbili, saa tatu na zaidi, za maneno ambayo wagonjwa wanayajua kwa moyo. Nilishamsikia bibi mmoja kwenye benchi akimwigiza nesi neno kwa neno, mpaka kikohozi cha nesi. Kwa hiyo muda unao, umeutumia kwingine. Nisingekuambia uongeze hata dakika moja.

Chukua dakika zile zile, uweke maswali mawili. La kwanza: "Katika haya ya chakula, sigara, kutembea na dawa, wewe ungependa tuongee lipi leo?" Moja tu, alichague yeye. Kuna watakaochagua lile unaloliona dogo. Mfuate huko huko. La pili: "Unalijua nini tayari kuhusu hilo?" Utashangaa jinsi anavyojua, na utabakiwa na pengo dogo la kuziba. Ziba pengo hilo tu, umuulize anaonaje, andika kwenye kadi neno lake, si lako. Nilikuwa naandika "anataka kulima mwenyewe mpunga," "kiti msikitini," "mume anataka nazi." Mwezi unaofuata unafungua kadi, unaanzia hapo. Mgonjwa akiona umekumbuka, dakika mbili zinafanya kazi ya ishirini.

Usijaribu kwa wote hamsini. Chagua watano kwa siku, wale ambao ukiona jina lao kwenye foleni unashusha pumzi. Ndio hao hao, kwa uzoefu wangu, tuliowahubiria kupita kiasi.

Kuna la nesi wako pia. Kama yeye anapima presha nje kwa kufoka, "Mama wewe hunywi dawa!", mgonjwa ataingia kwako ameshajifunga. Kaeni mkubaliane. Na aliyekosa miezi mitatu akirudi, neno la kwanza liwe "karibu, umefanya vizuri kuja." Mimi nilikuwa nasema "ulikuwa wapi?" Hebu lisikilize hilo neno ukiwa wewe ndiye umevimba miguu.

SWALI

Mama Nesi salaam. Mimi mwenyewe ndiye mgonjwa, mzee wa Pongwe, niliwahi kuwa mnyapara wa mashamba ya mkonge. Moyo, presha, nameza losatani na vingine. Mke wangu ananilinda kuliko askari wa benki. Kaninunulia dukani chumvi inayoitwa ya wagonjwa, anasema hiyo nile nitakavyo. Nikila kwa wanangu nakula chumvi ya kawaida kidogo tu, ya kumridhisha mkwe. Nimwambieje mke wangu aniachie nafasi?

Mzee wa Pongwe

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo chumvi ya wagonjwa kwanza iwekeni kando leo leo. Nyingi ya hizo, sodiamu imepunguzwa na badala yake imewekwa potasiamu, na losatani nayo inaibakiza potasiamu mwilini. Zikikutana, potasiamu inaweza kupanda mpaka ikavuruga mapigo ya moyo, na mkiwa na kidonge kiitwacho spironolaktoni ndiyo zaidi. Nenda na pakiti yenyewe kliniki, waisome. Mama asijilaumu, dukani hawamwambii mtu.

Kuhusu nafasi, mwambie kama ulivyoniambia mimi, tena mwambie unachokishukuru kabla ya unachokilalamikia. Mpe kazi moja ya kukulinda, wewe uchague ipi. Pengine daftari la uzito liwe lake, na sahani iwe yako. Mlinzi akinyang'anywa lindo lote hasinzii, anahamia dirishani.

Nami naomba ruhusa nikuulize. Hiyo chumvi kidogo tu ya kumridhisha mkwe, mkwe mwenyewe anajua kwamba unaila kwa ajili yake? Niandikie. Sitakusema kwa mama, nataka kujua tu.